Kamati ya Kudumu ya Karaoke

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025. Hali ya hewa leo hapa Troyeville, Joni: baridi kavu, jua linang'aa bila kufanya kazi yoyote, na upepo wa Agosti unaleta vumbi la migodi ya zamani mpaka ndani ya kikombe cha chai.

Kwa idhini ya Mwenyekiti, nina heshima kubwa kutangaza kwamba Mashine iko salama.

Natangaza hivyo kwa sababu kuna watu wanauliza. Wanauliza kwenye viti vya kinyozi, wanauliza nje ya msikiti kule Mayfair, wanauliza hata ibada ya Wakongo ikitoka: hivi ile karaoke ya Umoja imewahi kumwimbisha mtu? Swali lenyewe limekaa vibaya. Kazi ya Kamati haikuwa kuimba. Kazi ya Kamati ilikuwa kusimamia mazingira wezeshi ya kuimba, na kazi hiyo tuliifanya kwa kiwango cha juu sana mpaka leo mchana.

Mimi ni Vuai, Katibu. Cherehani ndiyo inayonilisha. Ukatibu ndio unaonifanya nisalimiwe kwanza. Kuandika vizuri nilijifunza ukubwani, kwenye masomo ya jioni, mvi zikiwa zimeshatangulia darasani. Kwa hiyo Umoja ulipotafuta mtu wa kuandika mihtasari, niliona dua yangu imejibiwa. Kila ripoti naianza kwa Bismillahi. Hii pia nimeianza hivyo, kabla hata ya hali ya hewa.

Umoja wetu ni wa watu wote wanaosema Kiswahili upande huu wa mji: Watanzania, Wakongo, Warundi, Wakenya. Tuna ukumbi wetu, zamani ulikuwa ghala la mazulia, wenye madirisha ya juu juu na ua wa nyuma. Mashine ililetwa huko kutoka Durban. Mfanyabiashara mmoja wa bidhaa za mtumba aliikuta ndani ya kontena, katikati ya baiskeli na majokofu, na kwa kuwa kila kitu kilichoandikwa juu yake kilikuwa Kijapani, hakupata mteja. Akatupatia bure, akaondoka haraka.

Tulipoichomeka kwenye umeme ikawaka taa nyingi, na ndani yake sauti ya mwanamke ikasema jambo. Tulikuwa watu wengi, na kwa muda hakuna aliyejua aangalie wapi.

Ndipo Bwana Lambert aliposimama.

"Iko inasalimia," alisema.

Inafaa nieleze sifa za Bwana Lambert, maana uongozi wake haukuanguka kutoka juu. Ni mtu wa Lubumbashi. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuchukua magari ya mtumba yaliyoshushwa bandarini Durban na kuyaendesha mpaka kwao, kupitia mipaka yote ile. Magari hayo yametoka Japani, na ukiwasha tu, mwanamke aliyemo ndani anaanza kusema. Watu wa kwetu huwa wanamzoea kama wanavyozoea mlio wa feni. Bwana Lambert hakumzoea. Alimsikiliza.

"Mutu mwingine anasoma lugha kwa kitabu," alituambia siku hiyo. "Mimi niliishi nayo. Durban mpaka Kasumbalesa, kule mpakani kwetu, mimi na ile mama wa ndani ya gari, peke yetu. Voilà. Kama si kusoma, ni nini?"

Akachaguliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Karaoke kwa kauli moja, na baada ya muda si mrefu akawa Mwenyekiti wa Umoja mzima, kwa sababu ilionekana ni usumbufu kuwa na wenyeviti wawili katika ukumbi wenye kiti kimoja kizuri.

Kamati ilianza kazi mara moja. Azimio la kwanza: Mashine isiguswe. La pili: Mashine isizimwe, kwa kuwa hatuna hakika ikizimwa itawaka tena kwa lugha gani. Umeme wa mtaa wetu una tabia yake, kwa hiyo betri ya akiba ya ukumbi, ambayo ilinunuliwa kwa ajili ya taa za akina mama wanaojifunza kushona, ilihamishiwa kwenye Mashine. Tangu hapo umeme ukikatika akina mama wanashona gizani, lakini mwanga wa Mashine unawafikia, na Kamati inahesabu jambo hilo kuwa huduma kwa jamii.

Azimio la tatu lilihusu adabu. Mwenyekiti alitufundisha salamu rasmi, ile aliyoisikia ndani ya magari yote bila kukosa, na kila kikao kikaanza nayo. Yeye husimama na kusema, "Sonyu sarete imasen." Nasi tunainama, tunaitikia, "Sarete imasen." Hata sasa nikiisikia nywele zinanisimama. Ina heshima ya namna yake.

Halafu kukaanzishwa masomo ya jioni ya Kijapani, mwalimu akiwa Mwenyekiti, pamoja na mtihani. Atakayefaulu angepewa cheti cha Msimamizi wa Mashine, na bila Msimamizi hakuna mtu anayeruhusiwa kukaa chumba kimoja nayo. Mwenyekiti alifaulu bila kufanya, kwa kuwa asingeweza kujisahihisha mwenyewe. Hilo lingekuwa kinyume cha utawala bora. Pitchou, ambaye ni mlinzi wa maghala kule Midrand na Afisa Usalama wa Mashine, alifaulu kwa sababu ana sare. Mimi nilianguka, nikarudia, nikaanguka tena. Mwenyekiti alinieleza kwa upole kwamba Kijapani changu kina lafudhi ya Unguja.

Sikukata tamaa. Niliweka mtihani kwenye dua zangu za alfajiri.

Kuhusu kuimba: tulijaribu. Mashine ina vipaza sauti viwili visivyo na waya. Pitchou alikishika kimoja akaimba kwaya nzima ya kanisani kwao peke yake, na hakuna kilichosikika isipokuwa Pitchou. Kamati ilikaa, ikatafakari, ikatoa matokeo yake ya kitaalamu: Mashine ya Kijapani haitoi sauti ya mwimbaji nje. Inaipokea na kuitunza. Tukaridhika. Kipaza sauti cha kwanza kikabaki juu ya Mashine, cha pili kikawa alama ya cheo, nacho Mwenyekiti hukichomeka kwenye mfuko wa koti, kichwa kikichungulia, taa yake ya kijani ikiwaka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mazuri mpaka alipokuja Fauzia.

Fauzia ni mwanamke wa Tanga. Anapika maandazi na biriani, na nusu ya maduka ya Mayfair hufungua milango yake kwa harufu ya mkono wake. Alinikuta dukani kwangu nikitia zipu kwenye suruali ya mtu.

"Kaka Vuai," alisema, "nautaka ukumbi Jumamosi ijayo. Samira wangu anaolewa. Nafanya sherehe ya wanawake."

"Hongera sana, dada. Mwenyezi Mungu aifanye ya heri. Je, miongoni mwa wageni wako kuna mwenye cheti cha Kijapani?"

Aliniangalia kama anavyoangalia samaki anapotaka kujua alivuliwa lini.

"Miongoni mwa wageni wangu kuna shangazi wa bwana harusi anayekuja na basi kutoka Durban. Kijapani cha nini?"

Nikamweleza utaratibu. Mtu hakai na Mashine bila Msimamizi. Wasimamizi waliopo ni wawili, na wote ni wanaume.

"Sherehe ya wanawake haiingii mwanamume," alisema. "Hata fundi umeme haingii. Wanawake wanavua buibui, simu zinakusanywa mlangoni. Wewe ni mtu wa Unguja, kweli nikufundishe hayo?"

"Ndiyo maana nakujibu kwa huzuni."

"Basi itoeni nje hiyo Mashine."

"Haizimwi, dada."

Alivuta kigoda akakaa. Akashusha sauti.

"Sikiliza, kaka. Nina binti mmoja. Baba yake alikwishafariki, bibi zake wote wako Tanga, hakuna hata mmoja anayeweza kuja. Chumba changu pale Bertrams ukifungua kabati, mlango haufunguki. Nyie mkininyima ukumbi, mwanangu ataolewa kimya kimya kama mtu anayekwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Hana kingine cha kukumbuka ila siku hiyo. Kawaambie wenzako."

Nikawaambia wenzangu. Kikao cha dharura kilifanyika jioni ileile, kwa salamu na kuinama.

Mapendekezo yalikuwa mengi. Pitchou alijitolea. "Eish, Mwenyekiti, nifungwe kitambaa machoni, niingie hivyo hivyo." Likakataliwa, kwa sababu Afisa Usalama asiyeona hawezi kujua kama Mashine bado ipo. Mimi nilipendekeza mwanamke mmoja apewe cheti, kwa mfano Mama Célestine, mke wa Mwenyekiti, ambaye ni msusi na ndiye atakayempamba bibi harusi nywele. Mwenyekiti alijibu kwamba nafasi za mtihani zimejaa. Akaongeza jambo lililotufungua macho: Mashine yenyewe ina sauti ya kike, kwa hiyo yenyewe haina kizuizi cha kuhudhuria sherehe. Tatizo ni sisi.

Ndipo ukazaliwa mpango wa Usimamizi wa Mbali. Wasimamizi wangekaa uani, chini ya dirisha la juu, wakiwa wameupa ukumbi migongo. Mashine ikisema jambo, mtu aliye ndani angeuliza kupitia dirishani, na Mwenyekiti angetoa tafsiri na maelekezo. Likawekwa sharti moja tu la tahadhari: maandishi mekundu yakitokea kwenye kioo cha Mashine, wageni wote watoke, na ukumbi ufungwe mpaka ipatikane tafsiri rasmi.

Na kwa kuwa Jumamosi hiyo ni Siku ya Wanawake, sikukuu ya taifa hapa, Kamati ilitoa pia tamko kwamba inawathamini wanawake na inawaruhusu kuingia.

Sasa nifike kwenye tukio lenyewe.

Leo adhuhuri ilipopita tulikuwa kwenye vituo vyetu. Pitchou langoni na sare yake. Mwenyekiti uani, juu ya kreti ya soda, suti ya bluu, kipaza sauti mfukoni na taa ya kijani. Mimi pembeni yake, kalamu mkono huu, tasbihi mkono ule. Wanawake walipita wamefunikwa, na nyuma ya mlango tukasikia buibui zikivuliwa, bangili zikilia, na udi ukatufikia huko nje kwenye vumbi. Shangazi wa Durban aliingia akilalamika kuhusu basi. Samira aliletwa mwisho, amefunikwa kanga, akakaa chumba kidogo cha mbele akisubiri aitwe.

"Papa Chloé," ilikuja sauti ya Mama Célestine kutoka dirishani. Chloé ni mtoto wao wa kwanza. "Mashine inasema kitu."

Tukamsikia yule mwanamke wa ndani ya Mashine, mpole kama siku zote. Mwenyekiti alifumba macho.

"Inawakaribisha wanawake wote," alitafsiri, "na inawatakia sikukuu njema."

Ndani wakapiga vigelegele vya adabu. Yule mwanamke akasema tena.

"Inarudia kwa waliochelewa," alisema Mwenyekiti.

Niliandika vyote. Usimamizi wa Mbali ulikuwa unafanya kazi, na nilianza kufikiria jinsi ya kuwapelekea taarifa ndugu zetu wa Cape Town ili nao wafaidike.

"Papa Chloé," ilisema tena sauti ya Mama Célestine. "Kuna maandishi mekundu."

Mwenyekiti alifumbua macho.

"Mekundu kabisa?"

"Kama nyanya. Yanawaka na kuzima."

Sitasema Mwenyekiti alitoka jasho, kwa sababu ilikuwa baridi na jambo hilo lisingeaminika. Alisimama, akanyoosha koti, akasema kwa sauti ya ofisi kwamba kwa mujibu wa katiba ya Umoja wageni wote watoke na ukumbi ufungwe.

Kisha mlango wa uani ukafunguka kidogo, na Fauzia akajitokeza, ushungi umemzunguka uso, mwiko mkononi.

"Nani atoke?" aliuliza. "Wageni wamekaa. Bibi harusi yuko mlangoni. Shangazi wa Durban amekwishavua viatu, na umemwona yule, akivaa tena ni kwa ugomvi."

"Mama Samira, si mimi. Ni maandishi."

"Basi yasome. Wewe si ndiye Mjapani wetu?"

"Tafsiri rasmi iko inachukua muda."

"Sawa. Nina sufuria ya chai jikoni. Nakupa muda wa chai kuchemka. Ikichemka hujasema kitu, nitawatoa wageni wangu kama ulivyotaka, na mwanangu atarudi Bertrams kwa miguu, amevaa maua yake, asimame kwenye robot, pale taa za barabarani, na wauza karanga, kila mtu amwone. Halafu mimi nitasimama pale langoni nimweleze kila anayepita nani amefanya hivyo."

Akafunga mlango. Hakuupigiza. Mimi ningependa angeupigiza.

Mwenyekiti aliketi tena juu ya kreti. Mimi nilitandika koti langu chini, nikaelekea kibla, nikasali rakaa mbili za istikhara. Nilipotoa salamu alikuwa ananiangalia.

"Umeonyeshwa nini?"

"Bado, Mwenyekiti. Nayo huchukua muda, kama tafsiri rasmi."

Alitikisa kichwa. Nikakung'uta koti, nikachukua kalamu, na hapo likanijia wazo.

"Lakini, Mwenyekiti," nilisema, "kwa nini tunamsumbua Mwenyezi Mungu kwa jambo ambalo wewe unalijua? Panda kreti, chungulia kioo cha Mashine tu, usiangalie pembeni, mimi nitakushika macho upande mmoja na Pitchou upande wa pili. Uyasome, mimi niandike. Na kama maneno hayo yatakuja kwenye mtihani wa Jumatatu, nitakuwa nimeyapata kutoka kwa mwalimu mwenyewe."

"Bado unataka ule mtihani?"

"Naomba kila alfajiri."

"Kila alfajiri, kweli?"

"Kweli. Unatangulia mtihani, halafu wanangu, halafu wazazi wangu waliotangulia mbele ya haki. Watoto wanalijua hilo, wamekubali kungoja."

Mwenyekiti aliangalia viatu vyake kwa muda. Aliinama mbele, viwiko magotini, kidevu karibu na mfuko wa koti, akazungumza taratibu kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Vuai, ndugu yangu. Acha kuomba. Anza na watoto."

"Na mtihani?"

"Hakuna mtihani. Mimi hiyo lugha siijui. Hata moja."

Ninaripoti kama nilivyosikia. Nilisikia pia kwamba sauti yake ilikuwa nzuri isivyo kawaida, pana, yenye kina, kana kwamba inatoka pande zote za ua. Nilidhani ni ukuta. Ndani, bangili zilikuwa zimenyamaza.

"Na magari?" niliuliza. "Durban mpaka Kasumbalesa?"

"Iko inasema kitu kimoja, Vuai. Kila gari, kila siku, kile kile. Mimi nilisema, huyu mama ananisalimia, ni mama mzuri. Donc, nikamwitikia. Miaka yote namwitikia. Siku moja pale bandarini nilikutana na Mjapani wa meli, nikamsalimia vile. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia inasema kadi haijaingizwa."

"Kadi gani?"

"Ya kulipia barabara. Kule kwao gari inataka kadi. Haijaiona, basi inamukumbusha dereva."

Nilifikiria vikao vyetu. Nilifikiria tulivyosimama, tukainama, wazee kwa vijana, Waislamu kwa Wakristo.

"Kwa hiyo tulipokuwa tunainama..."

"Tulikuwa tunaambiana kadi haijaingizwa. Ndiyo."

"Na ulijua tangu lini?"

"Kabla ya Mashine kuja." Alijifuta uso. "Lakini siku ile ilipowaka, watu wote waliniangalia mimi, Vuai. Hapa Joni nani ananiangalia? Ninapita kama upepo. Siku ile walikuwa wananiangalia na kungoja. Nikasema neno moja tu. Halafu hilo neno likahitaji jingine. Hata Mama Chloé nilimwambia shahada yangu ya Kijapani iko Lubumbashi, imekwama kwa sababu ya barabara mbaya. Namna gani nimwambie leo? Yule mwanamke anajua kucheka."

Alikung'uta vumbi suruali yake.

Halafu kutoka ndani ya ukumbi zikapigwa tarumbeta. Zilikuwa tarumbeta za Mashine, pamoja na ngoma na makofi ya watu wengi wasioonekana. Hatukuwahi kuzisikia tangu iletwe. Baada yake kicheko cha wanawake kilitoka dirishani kizima kizima, na Pitchou akaacha lango akaja kutazama kama ukuta umesimama.

"Papa Chloé," ilisema sauti ya Mama Célestine, na safari hii haikupita dirishani. Ilitoka kwenye spika, kubwa na ya karibu. "Barabara ya Lubumbashi imefunguka."

Mwenyekiti alishusha macho polepole mpaka kwenye mfuko wa koti, kwenye taa ya kijani.

Nimefanya uchunguzi, na haya ndiyo matokeo. Mwenyekiti alipoanza kungoja tafsiri, Mama Célestine hakungoja. Alianza kuzungusha na kubonyeza kila kilichokuwepo, kimoja baada ya kingine. Kitufe cha kuzungusha kilicho chini kabisa, ambacho Kamati ilikuwa imekifunika kwa kitambaa cha heshima, ndicho kinachofungua sauti ya vipaza. Kilikuwa kimefungwa tangu Durban. Alikizungusha mpaka mwisho, na wa kwanza kutoka alikuwa mumewe. Kwa hiyo matokeo yetu ya kitaalamu, kwamba Mashine hupokea sauti na kuitunza, yanafanyiwa mapitio.

Kuhusu maandishi mekundu, Kamati haijui yalisema nini. Yalipotea Mama Célestine alipobonyeza kitufe cha pembeni. Alipoulizwa kwa nini kile, alisema ndicho kilichokuwa kimebaki.

Ninaripoti pia kwa fahari kwamba Mashine hutoa alama kwa kila anayetumia kipaza sauti, na kwamba Mwenyekiti alipata tisini na sita. Ni alama ya kwanza katika historia ya Umoja. Ilitolewa kwa yale aliyoyasema uani, na Katibu hana maoni.

Mlango ukafunguka. Fauzia alikuwa na birika.

"Chai imechemka," alisema.

Mwenyekiti alisimama. "Mama Samira, mimi nitajiuzulu. Leo leo."

"Ujiuzulu uende wapi? Ukishajiuzulu atakuja mwingine na Kichina. Wewe tayari tumekujua." Alimmiminia kikombe, akampa, akanipa na mimi. "Mwanangu anaingia sasa. Nyie kaeni hapo hapo, migongo hivyo hivyo. Hiyo mliipanga vizuri."

Tukakaa. Ndani waliita, na Samira akaingia. Hatukumwona, lakini vigelegele vilipanda na kukaa juu. Mashine ikapiga muziki wa kwao Japani, vinanda vya taratibu, na wanawake wakauchukua wakaupangia maneno yao wenyewe, ya kumsifu bibi harusi na kumsema mkwe. Shangazi wa Durban alipata themanini na akadai arudie. Kisha aliimba Fauzia peke yake. Sauti yake ilikwaruza mwanzoni na kukatika katikati, akanyamaza, wenzake wakamshika, wakaenda naye mpaka mwisho. Mwenyekiti alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Mashine inaimba vizuri," alisema chini, mkono umefunika kipaza sauti.

Wimbo ulipokwisha Fauzia alirudi mlangoni, macho mekundu, sauti imara.

"Papa Lambert. Maneno ya uani yalikuponyoka, hayahesabiki. Utaahidi sasa hivi, kwa hicho kidude, wote wasikie, nje na ndani."

"Niahidi nini?"

"Wewe ndiye unayejua uliyoyafanya. Anza na jina lako."

Alitoa kipaza sauti mfukoni, akakishika kwa mikono miwili. Pitchou alivua kofia. Mimi nilisimama.

"Mimi Lambert, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu..."

"Jina tu," ilisema spika, kwa sauti ya mkewe.

"Mimi Lambert." Alikisogeza mdomoni. "Naahidi mbele ya Mama Samira na bibi harusi, mbele ya Mama Chloé na mama wa Durban, mbele ya Pitchou, na mbele ya huyu Vuai aliyeniombea bila sababu. Kitu nisichokijua, nitasema sikijui. Betri itarudi kwa wanaoshona. Ufunguo wa ukumbi utakaa kwa wanawake kuanzia leo, na mimi nikitaka kuingia nitapiga hodi kama mutu yeyote, na nisipoitikiwa nitageuka nirudi nyumbani."